Hasikiki nyuma

Ukitaka kujua wageni wa ithibati, wale wanaokuja kuhakiki kama chuo kina ubora unaotakiwa, wanafika lini chuoni, usihangaike kuuliza utawala. Nenda chooni. Siku utakapokuta sabuni ya maji, komeo jipya mlangoni na karatasi ukutani ambayo mfanya usafi ametia saini kila baada ya saa mbili, ujue wapo njiani, au wameshalala hotelini mjini. Nimeliona hilo mara tatu. Mara ya tatu sabuni niliagiza mimi.

Nilikuwa nimeteuliwa mratibu wa uthibiti ubora wa ndaki yetu, yaani kundi la idara zilizo chini ya mkuu mmoja. Barua ililetwa Ijumaa saa kumi jioni, wakati ambao mtu hana wa kumkatalia. Ofisi haikuwepo, posho ilikuwa ya kuchekesha, majukumu yalikuwa kumi na mawili. Kabla sijafika jukumu la tano, Mkuu wa Idara alishanipigia. "Dokta, hongera sana. Wewe unapenda mahesabu na kuandika-andika, hii ni saizi yako." Chuo chenyewe sitakitaja. Ni cha umma, kipo bara, na kwa miaka niliyozunguka vyuo vingine kama mtahini wa nje sijaona kwa nini kiaibike peke yake.

Somo ninalofundisha ni takwimu. Likumbuke hilo, maana ndilo linaloifanya aibu ya kisa hiki iwe yangu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandaa taarifa ya kujitathmini. Utaratibu wenyewe ni mzuri. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lile la Kampala tunaloliita IUCEA, lilianza mwaka 2006 kuujenga pamoja na Wajerumani wa DAAD, shirika lao la ushirikiano wa vyuo: programu ijichunguze yenyewe kwanza, iandike nguvu zake na udhaifu wake bila kuficha, halafu waje wenzenu kutoka vyuo vingine waone kama mmesema kweli. Niliusoma mwongozo wote nikaupenda. Kisha nikafungua rasimu niliyorithi kwa mratibu aliyenitangulia. Ilikuwa na kurasa 94. Neno "udhaifu" halikuwemo hata mara moja. "Changamoto" lilikuwemo mpaka nikaacha kuhesabu. Kuna changamoto ya vitabu, changamoto ya maji, changamoto ya wahadhiri kuchelewesha matokeo. Neno hili, kwa maoni yangu, limetugharimu kuliko upungufu wa bajeti. Ukisema udhaifu, mtu atauliza ni wa nani. Changamoto haina mwenyewe. Inanyesha tu kama mvua.

Na kwa kuwa tupo kwenye maneno: barua yangu ya uteuzi iliandika "udhibiti ubora" aya ya kwanza na "uthibiti ubora" aya ya tatu. Nilidhani katibu muhtasi amepitiwa. Baadaye nikaona nyaraka nyingi za chuo zimegawanyika hivyo hivyo. Kudhibiti ni kukishika kitu kisikuponyoke, tunadhibiti moto, panya na mapato. Uthibiti uko upande wa kuthibitisha, kuonyesha kwamba jambo ni kweli. Nduguze ni thabiti na ithibati yenyewe. Serikali ilipowabadilisha jina wakaguzi wa shule wakawa wathibiti ubora, nadhani ilikuwa na nia ya kutoka kwenye kushika kwenda kwenye kuthibitisha. Mimi nilikabidhiwa yote mawili katika ukurasa mmoja, na kwa muda mrefu sikufanya lolote kati ya hayo. Nilikuwa napanga mafaili.

Faili ndiyo roho ya kazi ile. Kila kigezo kinadai ushahidi, na ushahidi maana yake ni karatasi yenye saini. Mhutasari wa kikao unathibitisha kwamba mlikutana. Kama mlielewana ni suala jingine. Nilijifunza kutambua mihutasari iliyoandikwa usiku mmoja: vikao vinne vya mwaka mzima, wino mmoja, na wajumbe wote wamehudhuria vyote, hata yule aliyekuwa masomoni Uholanzi.

Haikuwa hivi tangu zamani, ingawa zamani nako kulikuwa na mambo yake. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, swali la ubora lilikuwa limeshajibiwa mbali: shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikaja Afrika Mashariki moja, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam chini ya chuo kikuu kimoja, na mwaka 1970 kila nchi ikachukua chake. Kuanzia hapo dhamana ya ubora ikabaki kwa mtahini wa nje, profesa anayefika kutoka kwingine, anafunguliwa kabati la karatasi za mitihani, anasoma, anaandika ripoti. Hakukuwa na mamlaka ya kukiuliza chuo cha umma lolote. Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu lilipoanza kazi mwaka 1995, lilikuwa zaidi kwa ajili ya vyuo binafsi vilivyoanza kuchipua. Vyuo vya umma vilikuwa na sheria zao vyenyewe, vikawa vinachungulia uani kwa jirani. Ni Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 iliyowaweka wote kwenye mizani moja ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Mtahini wa nje bado yupo. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Ninafika Jumatatu, ninapewa rundo, Alhamisi ninatakiwa niwe kwenye kikao cha bodi ya mitihani. Nikisoma karatasi 12 kwa kozi nimejitahidi. Nilipokuwa mratibu niliomba ripoti za watahini wetu za miaka minne nikazisoma kwa mfululizo, jambo ambalo nadhani hakuna aliyewahi kulifanya, maana moja ilikuwa bado kwenye bahasha iliyogundishwa. Watahini watatu tofauti, miaka minne, wote wamesema kitu kimoja kuhusu takwimu ya mwaka wa kwanza: wanafunzi wengi wanakariri kanuni bila kujua zinatumika wapi, na kuna pengo kubwa lisiloeleweka kati ya kundi linalofanya vizuri na kundi linaloanguka. Halikuwepo la katikati. Sisi idarani tulikuwa na maelezo yetu kuhusu hilo, na mimi nimeyatamka mara nyingi nikiwa na kikombe cha chai mkononi: wanafunzi wa siku hizi hawasomi, wanasubiri desa, notisi za kukariri.

Nikaenda stoo ya mitihani kutafuta ushahidi mwingine.

Mama anayeitunza stoo ile yupo chuoni kuliko profesa yeyote tuliye naye. Nilimwamkia, nikamwambia natafuta fomu za tathmini ya kozi, zile za karatasi, kabla hatujahamia kwenye mfumo wa kompyuta. Akanionyesha kwa kidevu. Maboksi yalikuwa tisa, moja amelifanya kigoda cha kuwekea miguu. "Hayo hayana mwenyewe, Dokta. Kila mwaka yanaletwa, sijaona mtu amekuja kuyachukua. Mchwa wamekula moja, nilitoa taarifa."

Nilifikiri ningekaa nusu saa. Nilikaa mpaka umeme ukakatika, kesho yake nikarudi.

Fomu ilikuwa na maswali 18, kila moja la kujibu kwa namba kuanzia 1 hadi 5. Mwalimu anafika kwa wakati? Anaonyesha umahiri wa somo? Anatumia mbinu shirikishi? Chini kabisa kulikuwa na mistari mitatu mitupu: Maoni mengine. Nikavuta za takwimu ya mwaka wa kwanza, kozi inayosomwa na programu karibu zote za sayansi ya jamii, wanafunzi zaidi ya 600 kwenye ukumbi mmoja mrefu unaopanda kwa ngazi kuelekea nyuma. Nikaanza kusoma mistari mitupu ile.

"Hasikiki nyuma."

"Madam ni mzuri ila huku nyuma hatusikii."

"Tunaomba maiki jamani."

"SAUTI!!!"

"Sisi wa nyuma tunakuja kusaini tu."

Boksi la mwaka uliofuata: hasikiki nyuma. Mwaka wa tatu mwalimu amebadilika, ni mwanaume, ana sauti nzito: hasikiki nyuma. Miaka mitano, walimu watatu. Nilipofika mwaka wa nne niliona jina la mwalimu juu ya fomu nikalitazama kidogo. Lilikuwa langu. Mtu mmoja alikuwa ameniandikia kwa mwandiko mzuri sana: "Dr. anajua, ila anaongea na ubao."

Sasa hapa ndipo ninapotaka kuiweka ile aibu. Taarifa zilizokwenda Seneti miaka ile yote zilikuwepo, nilizitafuta. Kozi ile ilipata wastani wa 4.1, mwaka mmoja 4.2. Tafsiri yake kwenye jedwali: "Nzuri sana". Aliyekokotoa hakudanganya, niliurudia mwenyewe nikapata jibu lile lile. Ila katika maswali 18 hakuna hata moja lililouliza kama mwalimu anasikika. Na mimi, niliyesimama mbele ya watu 600 kwa miaka 11 nikiwaambia kwamba wastani bila mtawanyiko haukuambii kitu, kwamba mtu aliyeweka kichwa kwenye jokofu na miguu kwenye oveni ana joto la wastani zuri tu, nilikuwa nimekaa kwenye vikao vya idara nikipitisha 4.1 hiyo kwa kunyoosha mkono.

Elimu hii ya ubora, anayeifuata nyuma anakuta imeanzia kwa watu wa takwimu. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mhandisi wa mambo ya simu kule Marekani, alichora chati ya kuonyesha lini bidhaa zinatofautiana kwa kawaida na lini kuna jambo limeharibika. Aliyejifunza kwake, W. Edwards Deming, alikwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda, na Wajapani wakamheshimu hadi wakaanzisha tuzo yenye jina lake mwaka uliofuata. Deming alisisitiza kwamba makosa mengi yanatoka kwenye mfumo, siyo kwa mfanyakazi, na anayeweza kuubadili mfumo ni menejimenti. Katika zile kanuni zake 14 kuna zinazosema waziwazi: acheni malengo ya namba, acheni kumpima mtu kwa alama za mwaka.

Nikilisoma hilo huwa nacheka, kwa sababu naikumbuka OPRAS. Watumishi wa umma wa Tanzania wanaijua. Ilianza 2004, ikachukua nafasi ya zile ripoti za siri, na kwa nia ilikuwa hatua mbele: mtumishi na mkuu wake wakae, wakubaliane malengo, mwisho wa mwaka wapimane uso kwa uso. Kwetu tulijaza Juni kile tulichotakiwa kujaza Julai iliyopita. Unajipa alama, mkuu anasaini, faili linarudi masjala. Tangu 2023 ipo PEPMIS, ya kompyuta, na siwezi kuisema vibaya sana kwa sababu angalau inakumbuka tarehe. Lakini jaribu kuweka humo "nimekaa saa mbili na kijana aliyekuwa anakaribia kudisko, kufukuzwa kwa kufeli, tukatafuta alipopotelea". Itabidi uivunje kazi hiyo iwe na lengo, kipimo na asilimia. Watu wanaweka kinachowekeka.

Kinachowekeka zaidi ni makala. Kupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, na kutoka hapo kwenda profesa mshiriki, kunategemea pointi za machapisho kuliko kitu kingine, na kila mwenye mke au mume wa kumuuliza "hivi wewe utapanda lini" anajua muda wake auweke wapi. Sina ugomvi na utafiti. Ila sijawahi kusikia mwenzangu amecheleweshwa kupanda kwa sababu wanafunzi wa nyuma hawamsikii.

Kwa Kenya walipita njia yenye kishindo zaidi. Mikataba ya utendakazi ilianza kwenye mashirika ya umma mwaka 2004, vyuo vikuu vya serikali vikaingizwa, na ikawa kila chuo kinakimbilia cheti cha ISO 9001. Kiwango hicho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1987 na kilizaliwa viwandani. Mwenzangu mmoja wa huko, tuliyekutana kwenye mafunzo Kampala, alinisimulia siku wakaguzi wa ISO walipomwuliza utaratibu wa kupotea kwa funguo za darasa. "Tukauandika, bwana. Kurasa tatu. Darasa lenyewe halikuwa na mlango." Siapi kwamba ni kweli, watu wa kule wanajua kunogesha, ila nilielewa. ISO inauliza: mlisema mtafanya nini, na je mnafanya mlivyosema? Haiulizi kama mlichosema kilistahili kusemwa.

Ndiyo maana nilifuatilia kwa makini habari ya Juni 2019, JKUAT, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ilipotunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, nchi nzima ikaguna na tume yao ya vyuo vikuu, CUE, ikaingia kuchunguza nani alisimamia nani. Na kabla ya hapo kulikuwa na pigo la fedha ambalo hakuna cheti kilicholiona likija. Vyuo vya umma vya Kenya vilikuwa vimejenga maisha yao juu ya wanafunzi wa programu sambamba, wanaojilipia ada kamili. Mwaka 2015 waliopata C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, kwenda juu kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, walikuwa zaidi ya 160,000. Mwaka 2016 wizi wa mitihani ulipobanwa, wakawa chini ya 90,000, na serikali ikawa na nafasi za kuwatosha wote hao. Programu sambamba zikanyauka, madeni yakatokeza. Mtu unaweza kuwa na taratibu zote za ISO ukutani na usijue chakula chako cha mwakani kinatoka wapi.

Sisi huku tusijione. Chuo cha umma cha Tanzania hakiajiri kinavyotaka, kinasubiri kibali. Kibali kikija, tangazo linadai GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, waombaji wenye hizo na wanaotaka kuja kuishi kwetu ni wachache, nafasi inatangazwa tena. Wakati huo udahili hausubiri. Ndivyo ukumbi wa watu 300 unavyoishia kuwa na 640, wengine wamekaa kwenye ngazi. Siyo mwalimu aliyepanga hivyo, wala mwanafunzi.

Jumanne moja nikaenda kukaa nyuma. Sikumwambia mtu isipokuwa mwalimu wa zamu, tuliyeheshimiana vya kutosha asidhani namchunguza. Nilikaa mstari wa pili kutoka mwisho, kando ya dirisha lisilo na kioo. Kijana wa jirani akaniangalia shati, akaangalia viatu. "Shikamoo, Dokta. Umepotea?" Nikamwambia nimekuja kusikiliza. Akacheka kwa adabu.

Ilisikika kama redio ya nyumba ya tatu. Unajua kuna mtu anazungumza, unajua ni mambo ya maana, maneno hayafiki. Mbele yangu wasichana watatu wameinamia simu moja, nikadhani tamthiliya. Nikanyoosha shingo. Walikuwa wanamtazama mwalimu wa Kihindi kwenye YouTube akieleza mkengeuko sanifu, kipimo cha namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, mada ile ile iliyokuwa ikifundishwa mbele yetu dakika ile ile, wamegawana visikizio. Nyuma yao mwingine ananakili kutoka kwenye picha za ubao ambazo mtu wa mbele alikuwa akizirusha kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna aliyekuwa anacheza. Niliwatazama wale wasichana nikawaza maneno yangu yote ya kikombe cha chai.

Kipaza sauti kilikuwepo, msifikiri hakikuwepo. Kilinunuliwa, kimeandikwa namba ya mali ya serikali kwa rangi nyeupe, kipo kwenye droo ya fundi. Kilikosa betri. Spika za ukutani zinamilikiwa na idara ya milki, inayotunza majengo, kipaza chenyewe kipo kwenye vitabu vya watu wa tehama, na betri ni kifaa cha matumizi, kwa hiyo zinaombwa ndakini kutoka kwenye OC, fedha ya serikali ya matumizi ya kawaida, ambayo mwaka ule ilikuja kwa kuchelewa na ilipokuja ilikwenda kwenye karatasi za mitihani. Ofisi tatu, na kila mmoja niliyemfuata alinionyesha, kwa nyaraka, kwamba yeye ametimiza wajibu wake. Betri zenyewe bei yake ni sahani ya chipsi mayai. Mwalimu wa zamu alishawahi kuzinunua kwa fedha yake muhula mzima. Nilimwuliza kwa nini aliacha. "Dokta, leo nitanunua betri, kesho nitanunua kalamu za ubao, keshokutwa nitaambiwa nijilipe mshahara."

Nikarudi kwenye taarifa ya kujitathmini, sura ya ufundishaji, nikaandika: "Udhaifu: katika kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza, wanafunzi waliokaa nusu ya nyuma ya ukumbi hawamsikii mwalimu. Hali hii imeripotiwa na wanafunzi kwa miaka mitano mfululizo na haijashughulikiwa."

Rasimu ikaenda kwenye kamati. Ilirudi hivi: "Changamoto: miundombinu ya sauti katika baadhi ya kumbi inahitaji kuboreshwa." Nikarudisha ya kwangu. Ikarudi ya kwao. Rasi, mkuu wa ndaki, akaniita.

Nimkumbuke kwa haki, hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alinikaribisha chai, akafunga mlango. "Unataka tufungiwe?" Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya na kusimamisha programu nyingi, na hofu ile haijatoka kwenye ofisi za wakuu. Kwake yeye taarifa ile ilikuwa kama maelezo ya polisi, lolote ulisemalo litatumika. Nilimwambia wageni wakipanda ngazi mpaka nyuma watajua wenyewe. Akasema katika miaka yake yote hajaona mgeni amepanda ngazi zile. Hapo alikuwa na hoja.

Tukakubaliana nusu. Neno udhaifu likaondoka, miaka mitano ikaondoka, sentensi ya wanafunzi wa nyuma kutokumsikia mwalimu ikabaki. Sikufurahi lakini nilitia saini.

Wageni walikuwa wanne. Walikagua sabuni, wakakagua mafaili, mmoja akauliza mambo mazuri sana kuhusu maktaba. Siku ya pili mchana, mzee mmoja kati yao, profesa mstaafu mwenye kigongo, akanigusa bega. "Mwalimu, nipeleke kwenye ule ukumbi." Ulikuwa mtupu saa ile. Akapanda ngazi moja moja, anapumzika, anapanda, mpaka juu kabisa, akaketi kwenye kiti kilichovunjika egemeo. Halafu akapunga kigongo. "Fundisha."

Nikaanza mkengeuko sanifu, ndio uliokuwa kichwani. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ukumbi hauna hata mtu mmoja wa kunong'ona. Baada ya dakika mbili hivi nikaona kigongo kimepungwa tena. Nikapanda kumfuata.

"Umesema nini pale?" aliniuliza.

Kwenye ripoti yao jambo lile lilichukua mstari mmoja na nusu. Barua kutoka juu ikashuka, na ofisi tatu zile zikakaa kikao kimoja. Sikuwahi kuona kitu kikienda haraka namna ile chuoni petu. Waliweka kipaza cha waya, kimefungwa kwa mnyororo kwenye meza kama kalamu ya benki, hakihitaji betri. Sasa majengo mapya ya mradi wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, yanapanda kwenye vyuo vya umma nchi nzima, na chetu kina kumbi zinazojengwa zenye mifumo ya sauti ya kisasa. Nimeshamwuliza mhandisi kama vipaza vyake ni vya betri. Alidhani natania.

Tathmini siku hizi zinajazwa kwenye mfumo, na mfumo haukuonyeshi matokeo yako ya mtihani mpaka uwe umejaza. Kwa hiyo wanafunzi wanabofya 5 mpaka mwisho, 5, 5, 5, kama mtu anayekimbia mvua, na wastani wetu umepanda ukafika 4.6. Seneti imefurahi. Nilimwomba kijana wa tehama anitolee sehemu ya maoni peke yake, bila namba. Wengi wameweka nukta ili mfumo uwaruhusu kupita. Muhula ule takwimu ya mwaka wa kwanza ilikuwa zamu yangu. Nukta zilikuwa mamia, nikazipita moja moja kutafuta neno "nyuma", sikulikuta. Karibu na mwisho nikakuta hili:

"Dr. anasikika vizuri sana siku hizi. Kumbe huwa anasoma slaidi tu."